Hatua Thelathini Toka Ukingoni

Baba Zawadi, tunakuhamisha! Mto unakuja kaburini kwako, na aliyegundua ni mwanao, si bwana shamba wala nani.

Kamwene, mume wangu. Nisamehe, habari imeitangulia salamu.

Unakumbuka tulivyopima shamba la vitunguu kwa miguu, wewe unahesabu, mimi nakucheka unavyorefusha hatua? Ukaniambia, "Mto ni mpangaji tu, shamba ni letu." Masika ilipoisha, huyo mpangaji alikuwa hatua thelathini toka ulipolala.

Zawadi yuko kidato cha sita, Mbeya. Mimi niliishia la saba, lakini yule binti ni kichwa, nasema bila aibu. Masika nzima nilimpimia ukingo kila wiki, namtumia kwa simu. Akaziingiza zile namba kwenye hesabu ya S ndefu, wanaiita intigro. Chini ya S unaandika mwezi wa kuanzia, juu mwezi wa kuishia, nayo inakujumlishia mwendo wote wa mto. Jibu likaja: mvua zijazo mto utakula hatua kumi na nane. Nikatamba kanisani mpaka wakanichoka!

Kumbe alikosea. Miezi ya mwisho mto hurudisha mchanga, hesabu ya hapo ikatoka hasi, ikaipunguza ile chanya. Akanipigia analia: "Mama, mchanga si ukingo. Baba hawezi kulala kwenye mchanga. Nimeikata vipande, nikaacha ule unaorudi. Ni thelathini na mbili."

Thelathini na mbili, baba Zawadi.

Mdogo wako akanicheka: "Shemeji, kwani mto nao unasoma daftari?" Akasema mtu hazikwi mara mbili. Juzi, kiangazi kikavu hiki, bila tone la mvua, ukingo ukakatika ukaondoka na tuta lake zima la vitunguu. Jana kaja mlangoni, kofia mkononi: "Mtoto amesema tumhamishe kaka lini?"

Nimepima tena. Zimebaki ishirini na sita. Nikisimama kaburini kwako nasikia udongo ukimeguka kule chini, kama mtu anayetafuna taratibu.

Tumekupatia mahali juu, nyuma ya kanisa. Wewe tulia tu. Ukisikia kishindo, usidhani ni sisi. Sisi, na mchungaji, na ndugu wa Ilomba, na mwanao mwenye S yake, tunakuja wote Jumamosi ya mwisho ya Oktoba.

Mkeo,
Mama Zawadi