Puring Dirishani kwa Mama

Bantul

Dada yangu Wartini,

Assalamu alaikum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Semarang. Sisi tu wazima, ila Mama, naye ndiye sababu ya barua hii.

Siku ya Idi, ulipoiona puring ya Mama chunguni dirishani, ulisema mbele ya wageni kwamba "mti wa makaburini ukilala ndani ya nyumba, humwita maiti mwingine." Sikubali hata sasa. Puring, mmea huo wa mapambo, hupandwa makaburini kwa kuwa haiogopi kiangazi, na majani yake mekundu na ya manjano humwonyesha mtu kaburi la jamaa yake liko wapi. Ingekuwa inaita maiti, nusu ya makarani wa mjini, wanaoipanga mapokezini, wangekwisha kuzikwa.

Wewe ukabeba chungu chake ukakiweka uani, juani. Puring iliyozoea mwanga wa dirishani haitolewi ghafla hivyo. Majani yaliungua, yakapukutika, nawe ulipopata habari huko Semarang ukanipigia simu: si unaona, nilisema nini? Nikakujibu kwamba kilichouchoma mti ni ujinga wako, si mashetani.

Nikaurudisha ndani. Nikamwambia Mama asihuzunike, ule ni mmea tu, sokoni mimea kama huo imejaa tele, kesho namletea mzuri zaidi. Mama akaweka kijiko chini. Tangu hapo hali chakula mpaka abembelezwe.

Jana ndipo aliponieleza. Puring ile ilitokana na kipande kilichokatwa kaburini kwa Baba. Jirani yetu Sumirah ndiye aliyemletea kipande hicho, watu walipokwenda kuzuru makaburi kabla ya Ramadhani, maana magoti ya Mama hayamfikishi tena kule. Kila asubuhi aliyapangusa majani kwa kitambaa kibichi, kama alivyokuwa akilipangusa jiwe la Baba, huku akimpa habari zetu. Akasema anajua mti ule si Baba, hajarukwa na akili. "Dada yako ananiona mshirikina, wewe unaniona mjinga, na hakuna aliyeniuliza."

Nimeshinda mabishano mengi, Dada. Haya hakuna aliyeyashinda. Sisi tuligombania mti, yeye akafiwa mara ya pili.

Shina limebaki tupu. Huenda litachipua, sikumwahidi.

Wasalimie wote. Ijumaa njoo na gari la shemeji. Tutambeba Mama mpaka kaburini, wewe bega hili, mimi lile. Usije na dua ya kufukuza kitu, nami sitakuja na hoja. Akianza kuzungumza na Baba, tunyamaze.

Mdogo wako,
Hargono