Mafuta ya Samaki katika Wali Mweupe

Jumatatu, 10 Novemba
Wali mweupe tena. Bila mchuzi. Sisi wengine tulikula sinia moja; Salma, mjukuu wangu, alikula peke yake akiutazama ukuta. Ana miaka kumi na minne. Daktari wa Mkoani ameiita hali yake Asperger, aina ya usonji, si ugonjwa wa kuponywa. Ila damu yake ni pungufu. Chakula chake ni kichache mno.

Jumatano, 12 Novemba
Mama yake ametuma kutoka Maskat vidonge vya mafuta ya samaki. Anadai vitamtuliza. Nilitoboa viwili kwa sindano, nikachanganya mafuta na tui la wali wake sufuriani. Mimi nilinusa nazi tu. Salma alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.
“Bibi, umetia kitu.”
“Sikutia.”
Nimefundisha miaka thelathini. Niliwaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huu.

Ijumaa, 14 Novemba
Salma hali chakula. Anakunywa maji tu, na kwanza huyatazama kwenye mwanga. Karafuu zimeanikwa uani. Harufu imeijaza nyumba kama usingizi. Nilisinzia mkekani. Nilijiona mdogo, mama amenibana pua, ananinywesha mafuta ya mbarika. Niliamka na ladha yake mdomoni.

Jumamosi, 15 Novemba
Nilimpigia daktari. Alinikemea kwa adabu. Mafuta hayo si dawa ya hali yake, na asilishwe kitu asichokijua. Nijaribu choroko za kuongeza damu, kwenye sahani ya peke yake.
Midomo ya Salma imekauka. Naogopa.
Nilikaa kizingitini pa chumba chake. “Nilitia mafuta ya samaki. Nilikudanganya. Unisamehe, mwanangu.”

“Vidonge vingapi?”
“Viwili.”
Alitaka sufuria ile isipikiwe wali tena. Nimeitoa jikoni.

Jumapili, 16 Novemba
Mvua nyembamba. Ukungu umeufuta ua. Nyumba ilikuwa kama inaelea. Salma alikuja jikoni bila kuitwa. Aliniamuru nikae juu ya mbuzi ya nazi, mikono mapajani. Aliosha mchele mwenyewe. Alichagua choroko moja moja, akazichemsha. Sahani mbili, zisigusane.
Alikula wali. Kisha choroko, vijiko vitatu. Akanisogezea sahani, akauliza kama chumvi imekolea.
Nilionja, nikamwambia haikukolea.
Akaongeza, akaendelea kula.