Maji Yenye Jina Langu

Kambi ya Wapimaji,
Voi.
Jumapili, 21 Oktoba 1956

Kwa dada yangu mpendwa Peris,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Philemon na watoto. Natumaini baridi ya huko Chawia haijamrudishia mama kile kifua chake, na kwamba mmeshalima lile shamba la chini kabla mvua haijaanza. Mimi ni mzima wa mwili. Katika barua yako ya mwisho ulilalamika kwamba siku hizi naandika kama karani, mistari mitatu na sahihi. Ulisema kweli, dada. Leo nimekaa chini nikuandikie kama ndugu yako.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo tukiitazama nyika kutoka kule juu, tukidhani ni ardhi tupu isiyokuwa na mtu wala jina? Shuleni tulikaririshwa mito ya Uingereza, lakini hakuna aliyetuambia ni nini kiko nyuma ya mlima wa Kasigau. Basi kazi hii ya kupima ilinifungua macho. Bwana mpimaji anatengeneza ramani ya nchi yote ya upande huu, na kila tunapofika huniuliza: kilima hiki chaitwaje, mti huu, ndege yule, na watu wa hapa ni akina nani? Nisipojua, hunituma nikaulize. Mwaka wa kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kukuambia. Nilijua digidigi huwa wawili wawili, na akiuawa mmoja yule mwingine hurandaranda pale pale siku nyingi. Nilijua ndovu wa huku ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka, si kwa rangi yao. Nilijiona kama mtu aliyepewa nyumba kubwa, akawa anafungua mlango mmoja baada ya mwingine.

Mwezi wa Machi mwaka huu nilipotea. Nilikuwa nimetumwa kusimamisha bendera juu ya kilima kimoja mashariki, na katika kurudi nikaifuata njia ya wanyama nikidhani ni ya watu. Siku ya pili ulimi ulikuwa umevimba hata siwezi kuufunga mdomo. Nikalala chini ya mgunga, na hapo akanikuta Mkamba mmoja aitwaye Musyimi, mtu wa makamo, mrina asali na mwindaji, pamoja na binti yake Ndunge. Huyo Ndunge ni wa rika lako; mumewe alifariki, akarudi kwa baba yake. Walinidondoshea maji mdomoni tone baada ya tone, kwa kitambaa, maana walisema nikinywa kwa pupa nitakufa.

Nilikaa kwao siku tano. Unajua Kikamba nilikiokota nilipokuwa kwenye shamba la mkonge Mwatate, kwa hiyo tulizungumza vizuri. Musyimi alinionyesha jinsi ndege wa asali anavyoita, na ni mzizi gani unaochimbwa wakati wa njaa. Alijua kila jiwe. Babu yake alizaliwa pale, kabla ya reli na kabla ya mtu yeyote kusema kwamba nchi ile ni ya wanyama peke yao. Kwa maana sheria ya sasa, dada, inasema hivyo, na wao walikuwa wakiishi ndani ya mpaka wa mbuga kwa kujificha.

Siku ya kuondoka alinipeleka kwenye mwamba mmoja mpana. Akasogeza bamba la jiwe, na chini yake palikuwa na shimo lenye maji ya mvua, baridi na safi, ya kuwatosha watu wachache mpaka masika mengine. Hakuna njia inayoelekea pale, kwa sababu hawapiti mahali pamoja mara mbili. Akanionyesha kwa kidole pande nyingine nne zenye mashimo kama lile, ili nisije nikafa na kiu tena. Kisha akaniambia, “Maji haya umeyanywa. Hujayaona.” Nikamjibu kwamba nimeelewa.

Mwezi wa Julai lori letu lilivunjika ekseli mbali sana na reli. Tulikuwa watu saba na Bwana wa nane, na maji yalikuwa debe moja. Siku ya tatu Hudson, yule mshika mnyororo wa kupimia niliyekuja naye nyumbani Krismasi, alianguka, akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Mimi nilijua tuko wapi. Ule mwamba ulikuwa mwendo wa saa tatu tu. Niliwaongoza nikawafikisha, nikasogeza bamba, tukanywa, na Hudson akapona. Bwana alinishika mkono mbele ya wote. Akafungua karatasi zake, akatia alama, na kwa heshima, kama alivyosema, akaandika pale jina langu: Maji ya Gibson.

Ramani ile ilipelekwa ofisini, na ofisini wakachukua nakala watu wa mbuga. Mwezi wa Agosti askari walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mwamba, wakajificha, wakangoja. Walimkamata Musyimi akiteka maji. Nyumba zake mbili zilichomwa. Walikuta mishale ya sumu na mizinga ya nyuki, na hiyo ilitosha.

Kilichofuata sijamwambia mtu. Karani wa kufasiri kortini hapa Voi alikuwa mgonjwa, na walipotafuta mtu ajuaye Kiingereza na Kikamba, Bwana akanitoa mimi. Sikuwa na njia ya kukataa bila kueleza sababu. Nikasimama kati ya hakimu na Musyimi, karibu naye hata nilisikia harufu ya moshi katika nguo zake. Aliponiona uso wake ulifunguka, kama mtu aliyemwona jamaa. Alikubali yote aliyoulizwa. Mwishoni akaomba kuuliza jambo moja: askari walipajuaje pale, mahali pasipo na njia?

Nikafasiri. Ofisa wa mbuga aliyeleta mashtaka akajibu kwamba mahali penyewe pako kwenye ramani, na pamepewa jina la aliyepagundua. Hakimu akaniamuru nimwambie mshtakiwa hivyo. Dada, nilimgeukia Musyimi na kumwambia kwa Kikamba, “Anasema walifuata nyayo za ndovu.”

Musyimi alinitazama usoni. Kisha akasema taratibu, “Ndovu hanywi penye kifuniko.” Hakimu akauliza amesema nini. Nikajibu kwamba anashukuru. Akahukumiwa miezi kumi, akapelekwa Mombasa kwa gari moshi la siku ile ile.

Tangu hapo nimekuwa kama mnyama aliyeingia zizini mwenyewe na mlango ukafungwa nyuma yake. Mkataba wangu una mwaka na miezi miwili mbele. Nikitoroka, kipande changu cha kazi hakitatiwa sahihi, na sitapata kazi nyingine popote, achilia mbali kesi. Nikibaki, kesho Jumatatu tunaondoka tena kuelekea mashariki, kule kule yaliko yale mashimo mengine manne. Bwana ameniuliza kama ninajua maji mengine. Nimemwambia sijui. Lakini kiangazi ni kikali, lori ni lile lile, na siku mwenzangu mwingine atakapoanguka sijui kama nitaweza kusema sijui mara ya pili. Nchi niliyokuwa na hamu ya kuijua, sasa natamani ningekuwa sijaijua hata kidogo.

Utasema, kama nilivyojiambia mwenyewe mara nyingi, kwamba nilimwokoa Hudson. Ni kweli, na ningemwokoa tena. Lakini kuna neno moja ambalo nimelificha hata katika sala. Siku ile miguu yangu ilikuwa na nguvu. Ningeweza kuchukua madebe mawili matupu, nikaenda peke yangu, nikarudi nayo kabla ya jua kuchwa, na asingejua mtu maji nimeyateka wapi. Wazo hilo lilinijia. Niliona wazi kwamba inawezekana. Nikawaongoza wote kwa sababu nilitaka Bwana aone kwamba mimi, Mdawida wa Chawia, naijua nchi hii kuliko ramani yake. Nilitaka kusifiwa, nikasifiwa.

Ndunge alitembea kwa miguu mpaka Voi kumfuata baba yake, akakuta ameshapelekwa. Amekuwa akilala kwenye kibaraza cha duka moja karibu na stesheni. Juzi alikuja langoni mwa kambi na kibuyu cha asali, akasema ameniletea kwa sababu amesikia nilisimama na baba yake mbele ya wazungu. Nilikipokea.

Hana pa kwenda, kwa hiyo namtuma kwako. Barua hii ataibeba yeye mwenyewe. Nitampandisha basi la Mwatate, na kutoka hapo atapanda mlima akiulizia nyumba ya mwalimu Philemon. Hajui kusoma, ila Kiswahili anakisikia. Nimemwambia kwamba naandika habari zake zote humu, naye amesema ataikunja vizuri, aifunge katika pindo la nguo yake. Nadhani sasa hivi amekaa mbele yako, akikutazama unavyosoma.

Mpe uji kwanza, apumzike miguu. Kisha msomee barua hii tangu mwanzo, polepole, wala usiruke mstari. Nilijaribu kumwambia kwa kinywa changu, mara mbili, nikashindwa. Akitaka kuondoka, mpe chakula cha njia na usimzuie. Akitaka kubaki, chumba changu ni chake, nami sitakanyaga hapo mpaka yeye aniite.

Nisalimie shemeji na watoto, na kati yao Tryphena umwambie viatu vyake nitavituma. Mama mwambie mwanawe yu hai. Mengine utamwambia wewe utakapoona vema.

Ni mimi ndugu yako,
Gibson Mwandawiro