Pipa la Samaki wa Majivu

Raahe, 11 Desemba 1968

Kaka yangu Urho,

Pokea salamu zangu, uwagawie na wifi Birgit na mtoto Lasse. Huku sisi wazima. Mguu wa Baba umepungua kuvimba, na cherehani zangu, zilizoanza na moja ya kuazima, sasa ni sita.

Umeandika kwamba Lasse ameulizwa shuleni jina la lipeäkala, samaki wetu wa Krismasi, lilitoka wapi. Mwambie lipeä ni maji makali ya majivu, na kala ni samaki. Baba husimulia vilevile kila Krismasi: ghala la samaki wakavu liliungua, mvua ikanyesha juu ya majivu, na mwenye ghala kwa njaa akaonja kilichobaki. Sawa, yule alikuwa na njaa. Ghala liliungua mara moja tu. Sisi tunaliunguza kila mwaka.

Tena unasema utakuja Krismasi hii, baada ya miaka tisa, kwa ajili ya samaki huyo "kama wa Mama". Kaka, umesahau? Anaingia pipani mkavu kama ubao, anatoka anatetemeka kama kamasi, ananuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye sabuni. Kijiko cha fedha kikimgusa kinageuka cheusi. Siku kumi na tatu za kumloweka na kumbadilishia maji, ndoo nne kwa siku, maji ya barafu. Kwa miaka sita tangu Mama afariki nimebeba ndoo mia tatu na kumi na mbili, na vidole vinachubuka hata sindano sishiki. Nikiziba pua, Baba ananisuta kwamba nimekuwa bibi wa mjini, eti Mama hakuziba pua hata siku moja.

Sasa nikwambie nililolificha. Hospitalini, siku mbili kabla hajafa, Mama alinivuta karibu akasema, "Tyyne, sijawahi kummeza huyo samaki. Miaka thelathini na moja namtemea kwenye aproni. Wewe usiwe mjinga kama mimi."

Nikawa mjinga miaka sita.

Juzi, Siku ya Anna, siku ya kuanza kuloweka, nililipasua pipa nikalichoma kwenye jiko la sauna, bafu letu la mvuke. Tulioga vizuri sana. Baba hajui. Jana alipita nje ya banda la pipa, sasa tupu, akakunja uso, akasema mwaka huu samaki amekolea kwelikweli, harufu imemfikia hadi njiani.

Basi ukimtaka, mnunue hukohuko Sweden, uje umloweke mwenyewe. Ndoo ziko palepale. Mimi nimeagiza paja la nguruwe.

Safirini salama, na Lasse avae soksi mbili.

Mdogo wako,
Tyyne