Nilikiacha Kisanduku Kibovu Ili Nipate pa Kwenda

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili nimelibeba miezi minne na sina wa kumwambia, na yule mmoja ambaye ningeweza kumwambia ndiye niliyemponza.

Mimi ni fundi wa faiba, ile intaneti inayopita kwenye uzi wa kioo mwembamba kama unywele, nina miaka arobaini na mmoja, mke wangu tuliachana bila ugomvi na bila mtoto, na kutwa nzima nakaa peke yangu kwenye chumba cha mitambo chenye baridi na kelele za feni, nikirudi nyumbani nakuta viti viwili na kimoja nimeshakigeuza kabati la nguo. Ili unielewe lazima nikueleze kazi yenyewe kidogo. Nyumba thelathini na mbili zinatumia uzi mmoja kufika kwetu, kila nyumba ina kisanduku chake, na mtambo mkuu hupima mwanga unachukua muda gani kwenda na kurudi kwenye kila kisanduku, kisha hukiagiza kilicho karibu kingoje zaidi na kilicho mbali kingoje kidogo, ili kila kimoja kiseme kwa zamu yake. Kimoja kikipoteza majira, kinaingilia zamu ya mwenzake, na mtaa mzima unavurugika.

Basi mtaa mmoja ukaanza kukatikakatika, nikazima kisanduku kimoja baada ya kingine mpaka nikakipata kile kikorofi, nacho kilikuwa nyumbani kwa mama mmoja mstaafu, mkunga wa zamani, anayeishi peke yake ghorofa ya pili. Nikaenda. Nikakizima, nikakiwasha, kikapimwa upya, kikatulia, na nilijua kabisa kwamba saa yake ya ndani imechoka na baada ya siku chache itapotea tena, na kipya kilikuwa kwenye gari, ningekifunga kwa dakika kumi. Lakini mama alikuwa ameshamimina chai. Akasema, "Kaa kwanza, mwanangu, mashine haina miguu." Akaniuliza mchana nimekula nini, na Shangazi, sikukumbuka ni lini mara ya mwisho niliulizwa hivyo. Nikaondoka bila kukibadilisha.

Alhamisi iliyofuata kikaharibika, nikarudi, na ikawa hivyo kila Alhamisi, yeye ananisimulia watoto aliowapokea, mimi namkazia bawaba za kabati, na kisanduku nakizima na kukiwasha tu. Siku moja ngazini nikamkuta binti wa ghorofa ya juu ameketi analia, usaili wake wa kazi ulifanyika kwa video ukakatika katikati, na hawakumpa nafasi ya pili. Akaniambia, "Afadhali wewe unakuja kututengenezea." Nikasema pole, nikampita, nikabisha hodi kwa mkunga.

Malalamiko yakazidi, bosi akaamua kosa ni la anayeunganisha nyuzi, mwenzangu tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu, na hajawahi kuharibu kiungo hata kimoja. Akasimamishwa kazi. Alipokuwa anatoa vitu vyake kabatini akaniuliza, "Wewe unaona yote kwenye skrini. Kuna mahali nimekosea?" Nikamjibu, "Tutaangalia."

Hiyo ni wiki mbili sasa. Nikisema ukweli nitafukuzwa, na mkunga atajua nilimdanganya, na huo ndio mlango pekee ninaofunguliwa kwa furaha. Nikinyamaza, Taratibu ndiye anayeungua. Nifanyeje?

Fundi wa Alhamisi

*

Fundi,

Pole. Naanza na pole kwa sababu njaa ya kuulizwa umekula nini naijua, na hakuna duka linalouza dawa yake. Upweke wako si kosa. Kosa ni kwamba umewalipisha wengine.

Kilichonikera zaidi ni hilo "tutaangalia" lako. Mtu anakuuliza kama mikono yake imekosea, jibu unalo mdomoni, halafu unamwacha aende nalo swali nyumbani. Wiki mbili sasa anakaa akijichunguza vidole, mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Na mkunga unadhani hajui? Mwanamke aliyezoea kusoma nyuso za wajawazito anamwona fundi akizima na kuwasha kitu kilekile wiki kumi na sita, aseme huu ni ufundi? Amenyamaza kwa sababu naye siku zake zisizo za Alhamisi ni ndefu.

Kwa kuwa kuna mtu amekaa bila kazi, sikungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Ukaniambia umeshafunga kisanduku kipya na mtaa umetulia. Nikauliza, "Na Taratibu?" Ukaniambia, "Naogopa uso wake." Basi narudia hapa nilichokwambia siku ile, maana najua hukukiandika.

Keshokutwa ni mbali. Fanya kesho asubuhi. Mwandikie bosi kurasa mbili, tarehe kwa tarehe, uambatanishe kumbukumbu za mtambo wenu zinazoonyesha kisanduku gani kilipoteza majira na lini. Nakala mpelekee Taratibu mwenyewe, mkononi, umweleze ukiwa umesimama mbele yake. Msamaha usimwombe siku hiyo, utamwongezea kazi ya kukusamehe. Akikufungia mlango, ana haki.

Yule binti mwandikie barua ya kuthibitisha kwamba siku ile, saa ile, mtandao ulikatika na hakuwa na kosa, aipeleke kule alikofanyiwa usaili. Pengine watamsikia, pengine hawatamsikia, lakini atakuwa na cha kushika.

Unaweza kufukuzwa, sikufichi. Mikono unayo, faiba inapitishwa kila siku, utapata kazi kwingine. Jina zuri la Taratibu halipatikani kwingine.

Ukishamaliza hayo, nenda kwa mkunga Jumamosi, bila kuitwa. Mwambie ulichofanya, chote, kabla hajamimina chai. Akikukaribisha, kaa. Akikutoa nje, shuka ngazi kwa adabu, na Jumamosi nyingine ubishe tena.