Ngumi ya Makaribisho

Padri mwenzangu, nimepigwa! Nimepigwa ngumi, mimi!

Mlangoni mwa kanisa, baada ya misa ya asubuhi. Nimevuka nchi nzima kuja parokia hii, leo siku ya tatu, hata mabegi sijafungua.

Nilikuwa nawasalimia waumini. Akaja fundi seremala mmoja, nikamnyooshea mkono. Akanitwanga mdomoni! Nikaanguka, akanikalia kifuani, akanikaba koo.

"Ulikataa kumzika mama yangu!"

Mama yake! Mimi hata njia ya sokoni siijui!

Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyo ni padri aliyenitangulia. Mimi nimefika juzi."

Unajua alinijibu nini? "Kanzu si ni hiyo hiyo?"

Kanzu si ni hiyo hiyo.

Wanakwaya wakamvuta, wakaanza kumpiga mateke. Nilipiga kelele mpaka wakamwacha. Jino langu linacheza, damu imejaa kifuani. Yeye akakaa chini, akilia kwa kwikwi.

Polisi sikuita. Nimemuuliza kaburi liko wapi. Nyuma ya karakana yake, alimzika peke yake.

Nimechukua stola na maji ya baraka. Fundi anawasha pikipiki yake, ananisubiri nipande.