Bahari Iko Hapo Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mabango mawili ya harambee, programu moja ya mazishi, kadi za harusi mia mbili. Zote zimetoka. Hakuna hata moja yenye jina langu. Miaka kumi na miwili hapa Komarock nachapisha majina ya watu.

Mchana Mutua akapita dukani. Ndugu yangu wa mwisho, niliyemlea tangu akiwa darasa la nne. Ameandika kitabu cha ufalme usiokuwepo, wenye joka na kila kitu, na mchapishaji amekikubali. Anataka nimchoree ramani ya ufalme, ifike Ijumaa tarehe 14. Isipofika, kitabu kinatoka bila ramani. Nikamwambia sitaki malipo. Nataka jina langu kwenye ramani, chini, kona ya kulia. Akasema poa. Nikamwandikisha kwenye karatasi, akatia sahihi. Namjua.

Jumanne, 4 Machi

Nimepakua programu ya kompyuta ya kuchorea ramani za kubuni. Maelezo ni kurasa themanini na sita. Nimesoma nne.

Kuna kitufe cha kupandisha bahari. Nilikigusa kwa bahati mbaya, ufalme mzima ukazama, na joka lake. Kushusha, nikapata jangwa. Nimezamisha falme nne kabla ya chai ya saa nne.

Nitaelewa tu. Mashine ya mabango nayo hakuna aliyenifundisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nyongeza. Programu yenyewe inakuja tupu. Milima, miti, nyumba, yote ni nyongeza unazotafuta kando na kuzitia ndani. Nimepakua kumi na moja. Nikaziweka kwenye folda isiyo yake. Kila mlima ukatokea kama X nyekundu. Milima mia moja na arobaini, X mia moja na arobaini. Ufalme ukawa kama zile nyumba za kando ya barabara zilizopakwa alama ya kubomolewa.

Mama Akinyi wa duka la pili akachungulia, akauliza wanabomoa wapi tena. Nikamwambia ni nchi ya joka. Akauliza kama walipewa notisi.

Jumamosi, 8 Machi

Folda nimeipata. X zimeisha. Sasa shida ni nyingine: miti yote ina theluji, na kila nyumba ina bomba la moshi. Kitabu cha Mutua kina migunga na vumbi. Nimechora mgunga wangu mwenyewe, nikaunakili mara mia tatu. Nyumba nimezipa mabati. Nzuri, hata kama najisifu.

Kisha barabara. Kila kijiji nimekipa barabara ya mita tisa na bikoni nne za mpaka. Sitaki mchezo. Ile ploti yangu ya Joska niliuziwa kwa mchoro usio na barabara, nikaambiwa lami iko hapo tu. Kuingia kwangu lazima nipite jikoni kwa mtu. Hodi kila mara. Katika ramani yangu hakuna atakayepita jikoni kwa mtu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimesoma kitabu chote, kalamu mkononi, kutafuta umbali. Nimeumwa kichwa.

Sura ya tatu: jeshi linatembea siku mbili kutoka ngomeni hadi baharini. Masaa kumi kwa siku, kilomita nne kwa saa. Themanini.

Sura ya tisa: Syombua, msichana wa ngomeni, anaenda kuchota maji ya bahari ya kuoshea jeraha la mwana wa mfalme, na anarudi maharagwe aliyoyaacha motoni hayajaiva. Maharagwe yasiyolowekwa, jiko la makaa: masaa matatu. Kwenda mikono mitupu, kurudi na mtungi. Nikimwonea huruma, kilomita saba.

Bahari ni moja. Themanini au saba? Nitaichora wapi?

Na maneno "hapo tu" yametumika mara kumi na nne. Mlima uko hapo tu. Joka liko hapo tu. Anaongea kama wale wanaowauzia watu ploti.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwonyesha. Migunga aliipenda. Halafu akaona bikoni kwenye pango la joka. 

"Sista, joka halihitaji hati ya shamba."

Nikamwambia hata joka litakufa siku moja na watoto watagombana. Akasema hii ni fantasia, mimi naifanya ofisi ya ardhi. Nikaleta hesabu ya bahari. Nikamkumbusha baba alichonga twiga miaka thelathini, na alisema ukikosea shibiri moja una punda. Akasema baba hayuko kwenye kitabu. Akasema Syombua ni mwepesi, na kilomita si kitu kwa mtu mwenye nia. Nikasema sitachora uongo. Akasema basi kitabu kitatoka bila ramani, atampigia mchapishaji kesho.

Akaondoka. Nina hasira. Ile karatasi yenye sahihi haisemi ramani lazima itumike. Nilisahau. Mimi, nikasahau.

Jumatano, 12 Machi

Sikulala vizuri. Nimechapisha kadi moja na tarehe ya mwaka jana. Nikairudia.

Nimempigia kabla hajampigia mchapishaji. Nikamwambia kesho nabandika maharagwe saa tatu asubuhi. Achague mahali, aende kwa miguu, achote mtungi wa lita ishirini, arudi. Akirudi hayajaiva, nachora bahari popote atakapo na bikoni nang'oa. Akachagua mtaa wa Lucky Summer, kwa shangazi. Nikamwambia hiyo ni kilomita kumi, si saba. Nitakuwa nampunja.

"Wacha hizo. Si ni hapo tu."

Alhamisi, 13 Machi

Saa tatu kamili: maharagwe jikoni, Mutua njiani. Viatu vipya. 

Saa tano u nusu: shangazi kapiga simu. Kijana kafika, kaomba chai, kavua viatu, na je, nyumbani kuna kifo?

Saa sita na dakika tano: maharagwe yameiva.

Saa saba: nimekula.

Saa tisa: nimeanza kuogopa. Nimesimama barabarani mara tatu. Mama Akinyi akauliza namngoja nani, nikasema mteja.

Saa kumi na robo: amefika. Kwa miguu, bila kudanganya, nilimwona akija kutoka mbali akichechemea kama mzee wa pensheni. Mtungi nusu. Nusu nyingine kaimwaga njiani, Dandora. Nikampa beseni la maji ya chumvi, akatia miguu. Nikampakulia. Akala sahani mbili.

Kisha akaomba laptopu.

"Andika bahari ni siku mbili. Syombua hafiki huko. Mpe kisima."

Nilikuwa na la kusema. Nikaona malengelenge kwenye visigino vyake, sita, nikaongeza maji ya moto kwenye beseni.

Ijumaa, 14 Machi

Bahari: kilomita themanini. Bikoni nimeng'oa zote isipokuwa za pangoni, nne. Hakubisha. Kisima hakikuwamo kwenye nyongeza zote kumi na moja, nimekichora kwa mkono. Nimemtumia mchapishaji ramani saa nane. Saa kumi akajibu: imepokelewa.

Mutua amefuta "hapo tu" kumi na tatu. Moja ameiacha, sasa ni ya kisima. Nimepima. Ni kweli.

Jumapili, 16 Machi

Mchapishaji ametuma ukurasa wa kuangalia. Kona ya kulia, chini: Ramani imechorwa na Mwende. Herufi za ukubwa wa saba. Nimezisoma bila miwani. Nikavaa miwani, nikazisoma tena.

Mutua bado anavaa patipati, viatu havimwingii.

Ule mtungi ulikuwa umebaki mlangoni. Lita kumi za Lucky Summer, zimebebwa kilomita kumi. Sijaweza kuzimwaga. Nimelowekea maharagwe ya kesho.